Aliyekuja na Treni: Mama Rahab Wanjiku Waswa (1955–2025)

Ndugu, jamaa na marafiki, karatasi mlizoshika zina kosa moja, na familia inaomba mlisahihishe kabla hatujaanza. Ukurasa wa pili unasema mwili wa marehemu ungeletwa hapa Butere kwa gari. Karatasi zilichapwa Jumatatu, wakati wakubwa walidhani wamekwisha kuamua. Haikuwa hivyo, na mtasikia kwa nini. Anayewasomea haya ni Naswa, binti yake wa kwanza, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza: "Asome Naswa. Hao wengine watalia."

Mama Rahab Wanjiku alizaliwa tarehe 9 Aprili 1955, karibu na stesheni ya Limuru, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Chege na marehemu Mama Nyambura. Nyumba yao ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa reli, na Mama Nyambura alizoea kusema kwamba mtoto huyu alijifunza kulia kwa kushindana na garimoshi. Baada ya uhuru Mzee Chege alipata kipande cha shamba Molo. Familia nzima ikahama kwa treni, magodoro juu ya mapaja na kuku chini ya viti. Rahab alikaa dirishani njia nzima akakataa kumpisha kaka yake Muturi, ambaye yuko hapa leo na bado hajasahau.

Alisoma shule ya msingi kule Molo hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1970. Hakuwa mwanafunzi mtulivu. Siku moja mwalimu aliwaambia wachore ramani ya Kenya. Wenzake walichora mipaka, milima na ziwa. Rahab alichora mstari mmoja mrefu wenye matawi, akaandika majina: Mombasa, Voi, Nairobi, Limuru, Nakuru, Molo, Kisumu, Butere. Mwalimu akamuuliza Mlima Kenya uko wapi. Akajibu, "Mwalimu, treni haipiti huko." Alichapwa, akaambiwa arudie. Akarudia, akaongeza Eldoret na Malaba, mlima bado hakuna. Mzee Chege alipoitwa shuleni, aliitazama ile ramani kwa muda akasema kwamba yeye haoni kosa.

Mwezi wa Agosti mwaka 1973 Mama Rahab alipanda treni ya Kisumu kwa mara ya kwanza akiwa na magunia ya viazi na kitunguu. Wasichana wengi wa Molo waliuzia abiria matunda dirishani, treni ikaondoka, wao wakabaki. Yeye alisema amechoka kuona watu wakienda mahali ambapo yeye anapajua kwa jina tu. Treni ikateremka naye, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, Miwani, baridi ikiisha na harufu ya miwa ikianza, hadi ziwa lilipoonekana. Stesheni ya Kisumu siku hizo ilikuwa na mambo. Reli ya Nairobi iliishia pale, reli ya Butere ilianzia pale, na meli zilifunga bandarini jirani zikipokezana mizigo na mabehewa. Mtu akisimama kwenye jukwaa asubuhi aliweza kusikia lugha za nchi tatu kabla hajamaliza chai.

Mpango wake ulikuwa kuuza na kurudi jioni. Haukufaulu, kwa sababu alikutana na Apiyo. Mama Apiyo yuko pale mbele, ameketi na wanawake wa familia, na ndipo mahali pake. Wakati huo alikuwa msichana muuza samaki, na hao wawili walianza kubadilishana viazi kwa samaki wakakosa kuelewana.

"Viazi zako iko na macho mingi sana," Apiyo alisema.

"Na samaki yako iko na mawili, na yote yameoza," Rahab akajibu.

Walibishana hadi treni ikapiga honi, na wakaendelea. Rahab alipogeuka, behewa la mwisho lilikuwa linatoka stesheni. Akaketi juu ya gunia lake. Apiyo akafunga kikapu chake akamwambia, "Haya. Sasa utalala kwangu."

"Na vile tumetukanana hivi?"

"Kutukanana iko kando. Kulala iko kando."

Alilala kwa Apiyo usiku huo, na keshoye, na hakurudi Molo tena ila kwa kutembea. Viazi vilipoisha alinunua jiko na sufuria, akaanza kuuza chai na chapati kwenye jukwaa la stesheni. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya hadi mwisho. Waliosafiri na reli ya Kisumu miaka ile, kama hamkumjua kwa jina, mlimjua kwa sauti.

Mume wake, marehemu Mark Waswa, alimpata hapo hapo. Waswa alikuwa mfanyakazi wa reli, wa kugeuza njia ili kila treni ishike reli yake. Babake alikuwa Mbukusu aliyeletwa na kazi ya reli huku Butere, akapenda watu wa huku, akanunua shamba hili tuliposimama. Waswa alikuwa mtu wa haraka. Aliagiza chai, akanywa nusu, treni ikaja, akakimbia. Siku ya tatu Rahab alimzuia. "Wewe bwana wa reli. Chai yangu haiachwi. Ukiacha tena, usirudi hapa." Waswa akasimama, akaimaliza yote polepole, akasema asante, ndipo akaenda kugeuza njia. Treni ya Butere ilichelewa asubuhi hiyo, na dereva akaapa kwamba ataripoti. Wafanyakazi wenzake walimtania Waswa mpaka siku ya harusi.

Harusi nayo nusura isifanyike. Wazee wa Molo walisema hawawezi kuteremka hadi Butere kumpa mtu binti. Wazee wa Butere walisema hawapandi mlima kuomba. Kila upande ulikaa kwake ukinuna, na miezi ikapita. Rahab hakumsihi mtu. Alituma ujumbe kwa madereva wa treni, mmoja juu na mwingine chini: wazee wote wafike stesheni ya Kisumu Jumamosi, na asiyefika atasikia kwa watu. Walifika. Mahari ilizungumzwa kwenye jukwaa, wa Molo upande huu, wa Butere upande ule, naye katikati akiwamiminia chai. Hakuna aliyeenda kwa mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Ng'ombe walisafiri kwa behewa la mizigo hadi Molo, na Mzee Chege aliwapokea stesheni akiwa amevaa koti la kanisani. Ndoa ilifungwa kanisani Kisumu tarehe 18 Desemba 1976. Mungu aliwajalia watoto watatu: Naswa, Chege na Nangila.

Mambo ya reli yalianza kuharibika polepole. Shirika la reli la Kenya, Uganda na Tanzania lilivunjika, meli zikapungua, mabehewa yakachakaa, na treni iliyofika asubuhi ikawa inafika mchana. Waswa aliendelea kugeuza njia hata zile siku ambazo kilichopita ni injini moja tu isiyo na kitu nyuma. Alifariki tarehe 6 Agosti 2003 akiwa bado kazini. Enzi hizo reli ilikuwa ikiwarudisha watu wake nyumbani, hivyo mwili wake ulipakiwa katika behewa la mizigo la treni ya Butere. Mama Rahab alikataa kiti cha abiria. Alisimama kando ya jeneza njia nzima, ameshika mlango kwa mkono mmoja na sanduku kwa mkono mwingine, Kisian, Maseno, Luanda, Yala, hadi hapa. Baada ya mazishi aliwaambia watoto wake, mbele ya shemeji yake Mzee Waliaula: "Nilikuja Kisumu na treni. Nitatoka Kisumu na treni, kama huyu. Mnilete hapa kando yake. Mkinileta na gari nitarudi."

Tulicheka. Mama hakucheka.

Mnakumbuka mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, watu walipofukuzwa kwa sababu ya kabila. Hatutasema mengi, maana wenye kuumia ni wengi na wengine mko hapa. Mama Rahab alikuwa anakaa mtaa wa Migosi, Kisumu, katika nyumba ya kupanga. Mjomba Muturi alituma lori kutoka Molo limchukue pamoja na watu wengine wa kwao, na alifanya hivyo kwa upendo, lazima isemwe. Dereva akampigia simu Mjomba, simu ikapewa Mama.

"Muturi, hii lori ni ya viazi. Mimi si viazi."

"Wanjiku, watakuua huko!"

"Nilikuja na treni. Nitatoka na treni. Ikija, nitakuambia."

Lori likaondoka bila yeye. Jioni vijana walifika mlangoni. Mama Apiyo alikuwa ameketi kwenye kizingiti tangu asubuhi na kikapu chake cha omena, dagaa wa ziwani, akiwachambua kama aliye kwake. Mmoja wa wale vijana akasema, "Mathe, tumeambiwa huyu atoke."

Mama akatokea nyuma ya Apiyo na kijiko cha chapati mkononi. "Umeambiwa na nani? Si wewe wa karakana ya baiskeli? Juzi ulikunywa chai kwangu ukasema asante mama. Huyo mama ndiye atoke?"

Kijana akatazama chini. Mama Apiyo hakuinuka hata. Alisema tu, "Ma en nyaminwa. Dhiuru." Huyu ni dada yetu, nendeni. Wakaenda. Mama Rahab alingoja mlango ufungwe kwanza ndipo akaketi, Mama Apiyo ni shahidi. Kesho yake aliwasha jiko stesheni. Reli ilikuwa imeng'olewa huko mbele, treni haikuja, na chai ikanywewa na askari na mafundi.

Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya zaidi kwa stesheni kuliko vita. Treni ya abiria ilikuja mara moja moja, kisha haikuja kabisa. Tawi la Butere nalo likalala. Nyasi ziliota katikati ya reli, watu wakaanika nguo na omena juu ya mataruma yanayobeba reli, na mbuzi wakapanda jukwaa. Watu walimcheka Mama Rahab, wengine mbele yake. "Mama, unangojea nani hapa?" Alijibu kwamba hangojei mtu, anafanya kazi, na kama huna nafasi ya kununua chai basi usimzibie njia. Wanawe tulimsihi ahamie soko kubwa, au Pap Onditi ambako Chege alikuwa amefungua duka. Alikwenda Pap Onditi wiki moja. Alirudi akisema soko zuri, watu wazuri, lakini hakuna reli.

Basi mwishoni mwa mwaka 2021 treni ya Nairobi ikarudi. Stesheni ikapakwa rangi, jukwaa likafagiliwa, na waliofagiliwa nalo ni pamoja na wachuuzi. Mama aliambiwa atoe jiko lake. Wengi tulifikiri hapo ndipo moyo wake utavunjika, kwamba ailinde stesheni wakati wote wa ukame, kisha mvua inyeshe na yeye awe wa kwanza kufukuzwa. Alibeba jiko mwenyewe, akaliweka nje ya lango, mahali ambapo kila abiria lazima apite. Alisema, "Mwenye nyumba akirudi, mpangaji anasogea. Hahami." Chai iliuzwa pale kuliko hata zamani.

Siku hizo Nangila alimkatia tiketi ya kwenda Molo, amshangaze. Mama aliishika tiketi akaitazama pande zote, akamrudishia. "Nikipanda hiyo nitakuwa nimetoka. Mimi bado niko na unga kwa karai." Tawi la Butere lilipoamka baadaye, alienda jukwaani kuitazama treni ikiondoka, akaipungia mkono kama mtu anayemwambia mwenzake, wewe tangulia.

Mwaka 2022 madaktari waligundua ana ugonjwa wa sukari, na mafigo yakaanza kushindwa. Alikunywa dawa, akaacha sukari kwenye chai yake mwenyewe, na akawalaumu madaktari kwa kumwonjesha maji ya moto aliyodanganywa kuwa ni chai. Januari mwaka huu alilazwa hospitalini Kisumu. Aliwashukuru wauguzi wote, hasa wale aliogombana nao. Jumatatu tarehe 10 Februari aliuliza kama treni ya Butere imeondoka. Muuguzi akamwambia imeondoka. Akasema, "Basi, ya kesho." Aliaga dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, Naswa akiwa amemshika mkono.

Sasa tufike kwenye lile kosa la ukurasa wa pili.

Wazee walikutana Migosi. Mjomba Muturi alisema dada yake arudi Molo. Mzee Waliaula alisema mke wa Waswa analala kando ya Waswa, na hilo lilimalizwa bila matata, kwa maana hata Mjomba alijua. Lakini kuhusu treni, wazee wote, wa juu na wa chini, waliungana kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1976. Walisema maneno ya mgonjwa si sheria. Walisema gari la maiti lipo, limekubalika, na barabara ni ya lami. Mjomba Muturi ndiye aliyesema kwa sauti: "Wanjiku amenisumbua na hii treni maisha yake yote. Leo hayuko. Wacheni mchezo." Naswa aliwajibu kwamba ahadi ni deni. Wakamwambia aketi.

Hakuketi. Alikwenda stesheni na Mama Apiyo. Mkuu wa stesheni, Bi. Adero, aliwapokea kwa heshima, akawapa pole, kisha akasema kwamba siku hizi hawabebangi maiti. Behewa la mizigo lipo, ndiyo, na yeye mwenyewe hana ubaya. "Lakini abiria watakataa, mama. Wakianza kushuka, nitawaambia nini?"

"Abiria ndio shida?" Mama Apiyo akauliza.

"Ni hao tu."

"Wakikubali?"

Bi. Adero alifikiri. "Wakikubali wote, nitafungua behewa. Akikataa mmoja, mtaita gari."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa jana. Jeneza lililetwa hadi langoni, na gari la maiti likangoja nyuma, injini ikinguruma, Mzee Waliaula na Mjomba Muturi wakiwa wameketi ndani. Mama Apiyo na wanawake wa samaki, wa mboga, wa mitumba, wote wanaopanda treni hiyo, walipita jukwaani wakimuuliza abiria mmoja mmoja. "Huyu ni Mama wa chai. Anaenda kwa mzee wake. Unakubali?" Walikubali. Wengine walivua kofia. Wengine hawakujua amekufa, wakalia hapo hapo. Hadi wakafika kwa bwana mmoja aliyevaa suti, wa mwisho kabisa, naye akatikisa kichwa.

"Mimi nimelipa kusafiri na watu. Si na sanduku."

Bi. Adero akamtazama Naswa kwa huruma, na Naswa akajua yameisha. Alimwona Mzee Waliaula akifungua mlango wa gari ili jeneza ligeuzwe.

Mama Apiyo hakupandisha sauti. "Bwana, hiyo kitu uko nayo kwa mkono ni nini?"

"Ni chapati."

"Umenunua wapi?"

"Hapo langoni. Kwa yule msichana."

"Yule msichana ni Nangila. Hilo jiko ni la mamake, aliliacha na moto. Sasa wewe unakula chakula yake, na unasema hawezi panda?"

Bwana yule aliitazama ile chapati. Alikuwa ameila nusu. Akasogeza mkoba wake kando ya njia. "Apite," alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nilidhani ni mtu baki."

Bi. Adero mwenyewe alifungua behewa la mizigo. Mlikuwa na magunia ya omena na maboksi ya sabuni, na pakafanywa nafasi katikati. Wabebaji walipoinama kulishika jeneza, Mjomba Muturi alishuka kwenye gari, akawapangua vijana, akashika upande wa mbele. Alilia wazi wazi, mwanamume mzima, bila kujificha. Alisema, "Haya, Wanjiku. Umeshinda. Na dirisha ni lako." Naye hakupanda behewa la abiria. Alisimama kando yake njia nzima, mkono mmoja mlangoni, mkono mmoja juu ya sanduku, na alipofika hapa alikuwa ananuka omena kutoka kichwani hadi viatuni. Leo asubuhi alikataa kubadilisha koti.

Marehemu ameacha watoto watatu, Naswa, Chege na Nangila; wajukuu, na kitukuu mmoja anayeitwa Wanjiku; kaka yake Muturi; shemeji yake Mzee Waliaula, ambaye amekubali kwamba barabara ya lami si kila kitu; dada yake Apiyo, ambaye hawakuzaliwa tumbo moja na asitokee mtu wa kuuliza; na jiko moja nje ya lango la stesheni ya Kisumu, ambalo Nangila ataliwasha Jumatatu. Wapo watakaokuja kumwambia asogee. Wanajua watakavyojibiwa.

Mama Rahab Wanjiku Waswa ametoka Kisumu kwa wakati wake na kwa njia yake. Alale pema, kando ya Waswa, hapa reli inapoishia, na amani ya Mungu imfunike. Mwenye kutaka kumhamisha, aje na treni.